Ukitaka Kuandika Hadithi za Ngome na Manaiti, Mtafute Mtoto Kwanza

Ninyi mnaoanza kuwaandikia watoto hadithi za Zama za Kati za Ulaya, nawaombeni jambo moja kabla hamjagusa upanga wala farasi: mtafuteni mtoto aliyekuwamo ndani ya ile ngome. Alikuwamo, tena si mmoja. Ngome ilikuwa nyumba ya watu, yenye jiko, zizi, ghala na kanisa dogo, na kila upande alikuwapo mtoto anayetumwa, anayefunzwa kazi, au anayeshikiliwa kama rehani. Miswada ninayoletewa niisome, mingi huanza na naiti aliye mtu mzima, mpiganaji wa farasi aliyekwisha kula kiapo, deraya, yaani vazi lake la chuma, inang'aa, anakwenda vitani. Msomaji wa miaka kumi humtazama kwa mbali tu, kwa sababu hana mlango wa kuingilia katika hadithi.

Chukueni habari za William Marshal, Mwingereza aliyefariki mwaka 1219 baada ya kuwatumikia wafalme kadhaa. Mwaka 1152, William akiwa mtoto wa miaka mitano au sita hivi, Uingereza ilikuwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, Mfalme Stephen akigombania kiti na binamu yake Matilda. Stephen aliizingira ngome ya Newbury, iliyokuwa mikononi mwa John, babake William. John akaomba vita visimame kidogo ili apeleke ujumbe kwa Matilda, na kama dhamana akamtoa mwanawe. Muda ule aliopewa akautumia kuingiza askari na chakula. Alipoambiwa kwamba mtoto atanyongwa, alijibu kwamba nyundo na fuawe bado anavyo, atafua watoto wengine walio bora zaidi.

Mtoto akachukuliwa kwenda kunyongwa. Njiani akamwona bwana mmoja ameshika mkuki mzuri, akamwomba amwachie aushike. Mfalme alipoona hivyo moyo wake ukalainika, akamrudisha kambini. Baadaye mfalme na mtoto walikuwa hemani wakicheza kwa vikonyo vya majani, kila mmoja na "manaiti" wake, wakipiganisha vile vikonyo hadi kichwa cha kimoja kikatike. William akashinda.

Habari hizi zimo katika utenzi wa Kifaransa wenye mistari zaidi ya 19,000, uliotungwa miaka ya 1220 kwa gharama ya familia yake, kwa hiyo tarajieni kwamba unamsifu. Lakini tazameni kilichomo. Mtoto hajui kwamba anakwenda kufa, na msomaji anajua. Ukiwasomea watoto sehemu ile, darasa hunyamaza lenyewe. Hakuna joka, hakuna uchawi. Nawasihi msiiharibu kwa kueleza: msiandike kwamba baba alikuwa mkatili au kwamba mfalme alikuwa na huruma. Wekeni mkuki mkononi mwa mtoto, kisha nyamazeni. Watoto watabishana wenyewe juu ya yule baba, na wengine watamtetea kwa hoja ambazo hamkuzitarajia.

Ukishampata mtoto, mfuate anavyokua, maana unaiti ulikuwa kazi ya kufundishwa. Kwa kawaida mtoto wa kiume wa familia yenye cheo alipelekwa kuishi kwa bwana mwingine tangu akiwa na miaka saba hivi. Alihudumu mezani, alijifunza adabu na kupanda farasi. Alipokaribia miaka 14 akawa mbeba silaha: anasugua deraya, analisha farasi, anamvisha bwana wake. Aliyefuzu, na aliyekuwa na mali ya kutosha, aliapishwa alipofika miaka 20 au zaidi kidogo. William alivushwa bahari hadi Normandy, kaskazini mwa Ufaransa ya leo, kwa jamaa ya mama yake, na watu wa nyumba ile walinung'unika kwamba kijana huyu anajua kula na kulala tu. Msomaji wetu hahitaji maelezo marefu hapa. Anamjua mtoto aliyepelekwa kulelewa kwa mjomba, anaujua ule usiku wa kwanza katika nyumba isiyo yao, na anajua kuhesabiwa sahani. Andikeni hayo.

Kuna habari nyingine ya mtoto wa kupelekwa ugenini ambayo naipenda kuliko zote, nayo inatoka upande wa pili wa Vita vya Msalaba, vita vya Wakristo wa Ulaya dhidi ya Waislamu. Usama ibn Munqidh, Mwislamu, alizaliwa mwaka 1095 katika ngome ya Shaizar, Syria, mwaka uleule ambao Papa Urban II aliwaita Wakristo wa Ulaya waende Yerusalemu. Alipigana nao, na pia alikuwa na marafiki kati yao, na uzeeni akaandika kumbukumbu zake. Anasimulia kwamba naiti mmoja aliyekuwa akimwita ndugu alipotaka kurudi kwao alimwomba ampe mwanawe wa miaka 14, amchukue hadi Ulaya akajifunze busara na unaiti. Usama alishtuka moyoni. Aliona hata kama mwanawe angetekwa vitani isingekuwa balaa kubwa kuliko hilo. Lakini mdomoni alijibu kwa upole: hata mimi ningependa, ila bibi yake anampenda mno, na leo hakuniruhusu nitoke naye mpaka nilipomwapia kwamba nitamrudisha. Naiti akauliza, mama yako yu hai? Yu hai. Basi usimkatalie.

Soma hapo uone utakavyoweza kuandika Vita vya Msalaba kwa watoto wa Kiswahili, ambao darasa moja lina Amina na Maria. Usimwandikie mmoja wao hadithi ambayo ndani yake watu wa dini yake wanatokea tu kama kundi la kupigwa. Ngome kubwa ya Krak des Chevaliers, iliyoko Syria, ilishikwa na mashujaa wa Hospitali ya Yerusalemu, watawa wa Kikristo waliokuwa pia wapiganaji, tangu mwaka 1142 hadi Baibars, sultani Mwislamu wa Misri, alipoitwaa mwaka 1271. Kuta zilezile, wakaaji wawili, na kila mmoja alijenga cha kwake juu ya cha mwenzake. Mtoto anaweza kuyabeba hayo yote mawili kwa pamoja. Wanaoshindwa ni waandishi.

Jambo la pili ni mwaka. Zama za Kati ni kipindi cha miaka elfu moja hivi, na hadithi haiwezi kukaa katika miaka elfu. Chagua ngome moja na mwaka mmoja, uandike juu ya karatasi, uibandike mbele yako. Mpiganaji wa Normandy aliyeingia Uingereza mwaka 1066 alivaa deraya ya pete za chuma zilizosukwa. Yule wa vita vya Agincourt, Ufaransa, mwaka 1415 alikuwa amefunikwa mabamba ya chuma tangu kichwani hadi miguuni. Ukiwachanganya, msomaji mdogo anayependa mambo haya atakukamata, naye hasahau. Ondoeni pia ile picha ya naiti mzito asiyeweza kuinuka, anayepandishwa farasi kwa mtambo. Deraya nzima ya mabamba ya karne ya 15 ilikuwa na uzito wa kilo 20 hadi 25, umegawanywa mwili mzima, na aliyezoea alipanda farasi mwenyewe. Upanga wa kawaida ulikuwa na kilo moja hadi moja na nusu. Mwambieni mtoto aunyanyue mfuko wa sukari wa kilo moja, ausogeze kwa mkono mmoja kwa nusu saa, ataelewa zaidi kuliko akisoma neno "mzito" mara kumi.

Kilichokuwa kizito kweli ni gharama. Hili waandishi wengi huliruka, na ndilo linaloifanya hadithi iende. William aliapishwa mwaka 1166, na katika pigano lake la kwanza alipigana kwa ushujaa akauliwa farasi, bila kuteka hata mmoja wa adui. Wakubwa wakamtania mezani kwa kumwomba zawadi ya vifaa vya farasi, kwa kuwa mpiganaji hodari kama yeye lazima ameteka farasi wengi. Hakuwa na kitu. Ilimbidi auze joho lake ili anunue farasi duni wa mizigo. Baada ya hapo akajifunza: katika mashindano ya manaiti, anayemkamata mwenzake humchukulia farasi na kumtoza fidia, na utenzi unasema kwamba kabla ya kufa alijihesabia manaiti 500 aliowakamata. Mtoto ambaye baba yake ni bodaboda anaelewa mara moja maana ya kupoteza kile unachopanda, ambacho ndicho kinachokulisha.

Mkifika kwenye kuzingirwa kwa ngome, kaeni hapo, msikimbilie ngazi na mishale. Kuzingirwa ni hesabu ya chakula, maji na subira. Mwaka 1215 Mfalme John wa Uingereza (si yule John babake William) aliizingira ngome ya Rochester, iliyoshikwa na mabwana waliomwasi. Mnara ulikuwa mrefu, mawe mazito. Basi wachimbaji wake wakapita chini ya pembe moja ya mnara, wakachimba huku wakiegemeza msingi kwa magogo. Kisha mfalme akaandika barua akiagiza nguruwe 40 walionona, wale wasiofaa sana kwa kuliwa. Mafuta yao yakawashiwa moto chini ya mnara, magogo yakaungua, pembe ikaporomoka. Waliomo ndani bado wakaendelea kupigana nyuma ya ukuta wa katikati, wakila farasi wao, mpaka wakasalimu amri. Pembe ile ilipojengwa upya ilijengwa ya mviringo, ilhali nyingine zina kona kali, na hadi leo mgeni anaiona. Maswali ya watoto hapa hayaishi: nani alichimba, moshi ulitokea wapi, mle shimoni walipumuaje, harufu ilikuwaje. Kila swali ni ukurasa.

Lakini kuna kuzingirwa kusikochekesha. Château Gaillard, ngome ambayo Mfalme Richard wa Uingereza aliijenga huko Normandy kwa miaka miwili tu, 1196 hadi 1198, ilizingirwa na Mfalme Philip wa Ufaransa mwaka 1203. Wanakijiji wakakimbilia ndani. Chakula kilipopungua, mkuu wa ngome akawatoa nje. Vikundi vya kwanza Wafaransa waliviacha vipite. Waliofuata wakazuiwa, na lango la ngome nalo lilikuwa limefungwa nyuma yao. Wakabaki kati ya kuta na jeshi, majira ya baridi, wakifa kwa njaa. Mwishoni Philip akawaruhusu walionusurika waondoke.

Je, mtoto aambiwe? Nasema aambiwe, kama hadithi yako imefika hapo kwa haki. Simulia bila damu ya kupamba, bila kuruka, na mpe mtoto mtu mmoja wa kushikamana naye katika lile kundi. Eneo letu lina watoto waliowahi kulala kambini kati ya majeshi mawili, na wengine wameketi darasani kwetu. Ukiandika vita kama michezo ya kujionyesha, hao watajua kwamba huwajui.

Wasichana nao wasitafutiwe kazi ya kuokolewa mnarani. Nicola de la Haye aliirithi ngome ya Lincoln na kuisimamia mwenyewe. Alipokuwa mjane mwenye umri mkubwa alimpelekea Mfalme John funguo, akisema amechoka, na mfalme akamwomba aendelee kuzishika. Mwaka 1217 akiwa na zaidi ya miaka 60 alizingirwa na waasi na Wafaransa, akashikilia mpaka jeshi la kumkomboa lilipofika. Aliyeliongoza ni William Marshal yuleyule, sasa ana miaka 70 hivi, aliyekuwa na haraka ya kuingia vitani kiasi cha kusahau chapeo yake. Andikeni wazee wale wawili. Watoto wanapenda mabibi wasiotishika.

Kuhusu chakula, kwa kifupi tu: hakuna mahindi, viazi mviringo, nyanya wala pilipili za mbuzi mezani kwa naiti. Vyote hivyo vilitoka bara la Amerika baada ya mwaka 1492. Kuna mkate, mchuzi mzito wa nafaka na mboga, kunde, samaki, nyama kwa wenye uwezo.

Na kuhusu Fort Jesus, ambayo mtoto wa Mombasa anaijua: ilijengwa na Wareno mwaka 1593 hadi 1596, katika enzi ya mizinga, ndiyo maana ni fupi, nene, yenye pembe zilizochomoza. Ngome za manaiti zilikuwa ndefu kwenda juu, kabla mizinga haijaziangusha. Mpeleke mtoto akauguse ukuta ajue unene wa mawe, ila umweleze tofauti. Akiuliza huku kwetu kulikuwa na nini wakati wa manaiti, mtajie Kilwa, mji wa mawe uliokuwa ukifanya biashara ya dhahabu, ambao Ibn Battuta, msafiri kutoka Morocco, aliutembelea mwaka 1331.

Mwisho, mchoraji. Msimpe maandishi matupu mkamwachia akabuni, maana atachora mabamba yanayong'aa na bendera kwenye kila mnara. Mpeni ule mwaka mlioubandika mbele yenu, mpeni picha za makaburi ya manaiti yenye sanamu zao za mawe, kama lile la William Marshal katika Temple Church, London, ambapo deraya ya pete inaonekana wazi. Mwambieni pia urefu wa mtoto wenu ukilinganishwa na farasi anayemlisha. Katika miswada mingi mtoto huyo huchorwa mkubwa mno, na farasi mdogo mno.