Nikitokea tu, watu wanacheka

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina miaka 9 kwenye komedi hapa Tanga. Watu wananijua kwa suruali ya kufungia kifuani na sauti ya puani. Sasa mwongozaji mmoja amenipa uhusika wa baba ambaye mwanawe amezama baharini. Naogopa watu watacheka nikitokea tu. Nikatae?
Mchekeshaji, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usikatae. Kucheka watacheka, dakika za mwanzo. Yalinikuta jukwaani: nilikuwa nimeigiza walevi miaka mingi, na siku nilipoingia nimebeba sanda ukumbi mzima uliangua kicheko. Nikapaza kilio ili waamini nina majonzi. Wakazidi. Hapo ndipo nilipokosea, na bado inaniuma.

Itafute filamu ya Good Will Hunting ya mwaka 1997. Robin Williams, mchekeshaji wa Marekani, watu walishamzoea kwa vituko, maneno yakimtoka kama cherehani. Miaka 4 nyuma yake, katika filamu nyingine, alikuwa baba aliyejigeuza yaya wa kike. Humu ni Sean, mtaalamu wa saikolojia aliyefiwa na mkewe kwa saratani. Angalia pale kwenye benchi la bustani, Boston. Kijana anayemtibu, aliyekaa naye, anaanza na kejeli, Sean anamjibu taratibu, sauti ya chini, na kamera inamganda usoni. Halii. Yule kijana kejeli zinamwishia mdomoni.

Uhusika huo ulimpa Williams tuzo ya Oscar ya mwigizaji msaidizi, lakini uchekeshaji hakuutupa. Kuna mahali Sean anamsimulia yule kijana jinsi mkewe alivyokuwa akijamba usingizini. Wanacheka wote wawili hadi basi, halafu anasema mwenyewe kwamba mke huyo amefariki miaka miwili sasa, na hayo ndiyo anayoyakumbuka. Wewe umekulia Tanga, umewaona watani msibani. Unajua mfiwa anavyoweza kucheka huku machozi yanamtoka.

Kwa hiyo suruali na sauti ya puani viache nyumbani, ila ile subira yako ya kungoja kabla ya kutoa neno la kuchekesha, nenda nayo. Mwombe mwongozaji tukio lako la kwanza lisiwe na maneno. Uwe unashona wavu, tukuone mgongo tu, hadi vicheko viishe vyenyewe. Kisha tafuta jambo ambalo huenda muswada haukuliandika: huyo mwana alipokuwa hai, alikuwa akimchekesha baba yake kwa lipi?