Mahakama inamwachiaje mtu ambaye serikali imesema ni hatari?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Nafatilia sana habari za India, naona mara kwa mara mahakama zinafuta amri ya kumweka mtu kizuizini, na sio kwamba imethibitika hana hatia, ila eti afisa aliyesaini hakuzingatia mambo vizuri. Sasa si ndo kuachia wahalifu kwa makosa ya makaratasi tu? – Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, hapana kabisa. Kumbuka huyo mtu hajashtakiwa, yaani hakuna kesi, hakuna shahidi wa kumhoji, na kwa sheria yao ya Usalama wa Taifa ya 1980 anaweza kukaa ndani mpaka miezi 12, na hata mbele ya bodi inayopitia amri yake hana haki ya kuwakilishwa na wakili. Kitu pekee kinachomlinda ni akili ya yule afisa kukaa na faili, kulisoma na kujiuliza kama kweli kuna haja, sasa kama hakufanya hivyo huyo mtu kabakiwa na nini?

Angalia kesi ya Jai Singh kule Jammu na Kashmir, 1985. Polisi walimpelekea mkuu wa wilaya maelezo yao, naye akayanakili neno kwa neno ndo zikawa sababu zake za kumfunga mtu, alichobadilisha ni pale polisi walipoandika "mhusika" yeye akaweka "wewe", basi. Mahakama ya Juu ikalinganisha karatasi mbili ikaona wazi hakuna mtu aliyefikiri hapo, amri ikafutwa.

Halafu kuna Dk. Kafeel Khan, daktari wa watoto. Alitoa hotuba chuo kikuu cha Aligarh Desemba 2019, akakamatwa Januari 2020, Februari 10 akapewa dhamana, na kabla hajatoka gerezani ikaja amri ya kizuizini. Wakampa CD ya hotuba yake kama ushahidi, bila kifaa cha kuichezea! Mtu yuko jela, ajitetee vipi? Septemba 1 Mahakama Kuu ya Allahabad ikaisoma hotuba nzima, ikakuta haichochei chuki wala vurugu, mkuu wa wilaya alichagua vipande tu. Lakini ndo hivyo, miezi saba ilishapita, na hapo ndo ninapoumia, maana mahakama inakuja mwishoni.

Na mahakama haisemi mtu ni malaika. Kama ana kosa, polisi wamshtaki kawaida, njia iko wazi, amri ikifutwa haizuii kesi ya jinai.

Sisi wenyewe tunaijua hali ambayo huwezi hata kuuliza. Sheria yetu ya kuweka watu kizuizini ilipotungwa 1962 ilisema amri isihojiwe kwenye mahakama yoyote, kwa hiyo rais akisaini, hata kama faili lilikuwa la uongo mtupu, familia ilikuwa haina pa kulipeleka.