Keki ikatwe kabla ya adhuhuri

Ujiji, Kigoma

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Unauliza: mwezi wa sita mkija likizo, mjukuu wangu akitimiza miaka 5, tumfanyie sherehe ufukweni jioni au hapa nyumbani? Tualike watu wangapi? Na keki uagize Dar uje nayo? Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu tunakatishana.

Nianze na jambo ambalo sijawahi kukueleza. Ile picha yako ya gauni la njano, umefumba macho, ambayo kila mara unauliza kwa nini nilikupiga umelala: siku ile ulikuwa unatimiza miaka 6. Nilialika wafanyakazi wenzangu, majirani, na mtu mmoja mwenye cheo tuliyemfanya mgeni rasmi. Tuliwaambia watu saa kumi na moja jioni. Ninyi watoto mlikuwa mmeogeshwa tangu saa tisa, mmekatazwa kukaa chini msichafue nguo, mmekatazwa kugusa soda. Tukamngoja mgeni. Alifika saa mbili usiku, zikaanza hotuba. Keki ilikatwa saa tatu kasoro, wewe umelala begani kwa shangazi yako, nikauchukua mkono wako nikaukandamiza kwenye kisu. Watu wakapiga makofi. Asubuhi ulipoamka ukaniuliza, "Mama, sherehe ni leo?" Swali hilo linaniuma mpaka sasa.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: saa nne asubuhi, uani, chini ya mwembe. Adhuhuri ikiadhiniwa, kama saa saba hivi, watoto wawe wamecheza, wamekula na keki imekatwa. Umeshazoea jua la Dar. Sisi tuko magharibi sana lakini saa ya ukutani ni ileile yenu, kwa hiyo jua letu huchomoza na kutua karibu dakika 40 nyuma ya la kwenu. Saa nne yetu bado kuna kibaridi cha kiangazi, na mtoto wa umri ule ndio wakati wake wa uchangamfu. Jioni anakuwa amechoka, analia kwa kitu kidogo, halafu wakubwa tunasema ana deko.

Ufukweni hapana. Ziwa letu lina kina cha mita 1,470 huko kwenye shimo lake kubwa, lakini si hilo linalonitia hofu. Mtoto huzama kwenye maji ya magotini wakati wakubwa wanahangaika na sahani. Kesho yake nendeni ninyi watatu tu, wewe na baba yake, mmshike mkono.

Wageni: muulize mwenyewe anataka nani. Wa rika lake wanane wanatosha kualikwa. Ila usisahau hapa ni Ujiji, hakuna geti. Watoto wakisikia kelele watakuja, na sitaki mtoto asimame kwenye kona ya ua anaangalia wenzake wanakula. Mimi napika kwa watoto 30. Pilau kilo nne za mchele, nyama kilo mbili, kachumbari, maandazi, na juisi ya ukwaju. Pilipili pembeni kabisa. Samaki usimpange. Mwaka 2024 uvuvi ziwani ulifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, nikaona jinsi migebuka na dagaa vilivyoadimika sokoni. Tangu hapo, shughuli ikiwa miezi hiyo sitegemei samaki.

Wali uende kwanza, keki baadaye. Mtoto mwenye njaa ukimpa keki na soda atatapika mchana.

Na keki usiibebe. Treni mpaka huku ni karibu siku mbili, krimu haivumilii joto la behewa. Nitaoka mwenyewe kwa mkaa kama nilivyokuwa nikiwaokea ninyi: unga wa ngano nusu kilo, sukari robo, siagi robo, mayai sita, vijiko vinne vya chai vya beking pauda, iliki, na maziwa ya kulainishia. Mchanga kwenye sufuria kubwa, sufuria ndogo ndani yake, moto kidogo chini na mwingi juu ya mfuniko. Wakikosea huweka moto mwingi chini, keki ikaungua tako na katikati ikabaki mbichi. Nitaoka mbili, moja ya mishumaa na moja ya kukata vipande vya mtaa.

Mama zao waulize mapema kama kuna mtoto anayedhurika na karanga, mayai au maziwa. Wadogo chini ya miaka minne wasipewe karanga wala pipi ngumu, zinawapalia. Na maputo yakipasuka, okoteni vipande papo hapo, maana huvitia mdomoni.

Kuna jambo jingine la kwetu, ulichukulie kwa upole. Wapo majirani ambao hawaafiki kusherehekea siku ya kuzaliwa kwa sababu ya dini, na watoto wao hawatakuja. Usiwasute wala usiwabembeleze. Nitawapelekea sahani ya pilau kama ninavyopeleka siku nyingine yoyote. Babu yako mdogo naye hapendi kusikia neno bethidei, lakini ukimwomba aje amwombee dua mtoto atakuja na kanzu yake safi. Tuanze na dua yake.

Mchango usichangishe. Hilo kundi la simu uliloniambia umeshalifungua, lifunge. Mtu akileta daftari au kanga tutapokea kwa mikono miwili, lakini miaka mitano ya mtoto haina haja ya kamati. Fedha ulizotaka kukodia viti na spika mnunulie viatu, utabaki na chenji. Watoto watacheza rede na kombolela, na kila mchezo uwe na mtu mzima mmoja wa kuwaangalia. Mimi nitakuwa jikoni, kwa hiyo mtu huyo ni wewe. Usishinde na simu unapiga picha. Mwachie mdogo wako kazi hiyo, na umwambie apige picha ya mume wangu, huyo mjukuu, akiwa macho.

Nitumie kipimo cha shingo na urefu wa mikono yake, fundi ana kazi nyingi. Na uniambie kabla ya mwisho wa mwezi kama mnakuja kweli, nianze kununua mkaa kidogo kidogo.

Mama yako