Barua kwa mwanangu: miche sita ya sabuni

Mwanangu,

Kamwene. Ujumbe wako niliupata Jumapili nikitoka kanisani, nikausoma mara mbili nikiwa bado nimesimama getini. Unasema mjukuu wangu amepewa kazi shuleni: amuulize bibi yake, alipokuwa darasa la tano kama yeye, nyumbani kulikuwa na vitu gani ambavyo siku hizi havipo. Chini yake ukaongeza la kwako, kwamba unadhani shida zile ndizo zilizotupa adabu, na kwamba nikueleze ipi afadhali, zamani au sasa.

Vitu vyenyewe ni vichache. Kulikuwa na koroboi, kinu, mbeta za kugemea ulanzi, na redio moja ya jirani ambayo betri zake tulizianika juu ya bati ili zipate nguvu ya taarifa ya habari ya jioni. Viatu sikuvaa mpaka nilipopata kipaimara. Unaijua Mafinga ya Juni na Julai, lakini hujaikanyaga peku asubuhi sakitu ikiwa imeganda kwenye majani. Tulikuwa tukimkuta ng'ombe amelala njiani tunamwinua, tunasimama pale alipopaacha na joto mpaka miguu izinduke, ndipo tunaendelea na safari ya shule, kila mtu na jembe lake begani.

Hayo mwandikie. Ila mimi nikikaa kufikiri, vilivyokuwepo havinijii sana. Vinanijia visivyokuwepo. Sabuni haikuwepo.

Vita vya Kagera viliisha mwaka 1979, na baada ya hapo duka letu la ushirika likabaki rafu tupu. Sukari, mafuta ya taa, khanga, kiberiti, vyote kwa kusikia tu. Zikija habari kwamba gari limeleta mzigo, mama ananiamsha alfajiri nikapange foleni. Foleni yenyewe ilikuwa ya mawe. Kila mtu anaweka jiwe lake, anakwenda pembeni kuota jua, na ole wako usogeze la mwenzio. Siku moja nilikaa pale tangu giza mpaka saa saba mchana. Mbele ya jiwe langu yalibaki mawe manne, dirisha likafungwa.

Tulifulia majivu. Mama alichoma magunzi, akajaza majivu kwenye chungu kilichotobolewa chini, akamimina maji polepole juu yake. Yanayochuruzika huko chini yana rangi ya chai na yanateleza mkononi kama sabuni hasa. Nguo zilitakata, siwezi kusema uongo. Lakini vidole vilipasuka kwenye maungio, na baridi ya kwetu ikiingia kwenye ule mpasuko, unalia bila kupigwa.

Sasa nije kwenye lile ninalotaka kukwambia. Mwaka 1983, mimi nikiwa na miaka kumi na moja, Sokoine akiwa Waziri Mkuu, ikatangazwa vita dhidi ya wahujumu uchumi. Mgambo walipita nyumba kwa nyumba wakifunua mpaka vihenge. Waliokuwa wameficha bidhaa wakaanza kuzitupa usiku, vichakani na mitoni. Ilikuwa baada ya Pasaka, mvua zikielekea ukingoni. Nilikwenda kuokota kuni upande wa barabara kuu ya Zambia, na kwenye mfereji nikaona povu. Povu jeupe, linatembea na maji taratibu kati ya majani. Nikalifuata mpaka kwenye kalavati. Ndani yake kulikuwa na gunia limelowa, limepasuka ubavuni, na miche ya sabuni inachungulia.

Nilichukua sita. Nikaipanga katikati ya mzigo wa kuni, nikajitwisha, nikaja nyumbani nikiwa na furaha ambayo nadhani sijaipata tena mpaka siku ulipozaliwa wewe. Mama aliisikia harufu kabla hajaiona. Alikaa chini kwenye kigoda, akaupakata mche mmoja kama mtu anavyompakata mtoto, hasemi neno.

Babu yako alirudi jioni kutoka kibarua cha kupogolea mipaini Sao Hill, mikono imejaa utomvu. Akatazama ile miche, akasema, "Si chetu."

Mama akamwambia kilichotupwa hakina mwenyewe.

"Kina mwenyewe. Hatumjui tu."

Usiku ule ule akanitoa. Mama ndiye aliyeifunga kwenye kitenge akanitwisha. Babu yako akatangulia, mimi nyuma, hatuna taa. Tulipofika kwenye kalavati hakuigusa. Aliniambia niirudishe mimi, mmoja mmoja, kama nilivyoichukua. Nikahesabu kwa vidole gizani. Mitano ilikuwa mizima. Wa sita ulikuwa nusu, na pale ulipokatwa palikuwa laini, pamepitiwa na kisu.

Sikusema. Mama alikuwa ameniamini, na baba alikuwa amesimama pale barabarani akinisubiri, na mimi katikati yao na nusu mche mkononi. Nikauweka na mingine.

Tuliporudi baba alichota majivu jikoni akanawa. Akanawa tena. Kisha akanishika mikono yangu akaisugua kwa majivu yale yale, kila kidole, mpaka kwenye mipasuko, akainusa, akaisugua tena. Fikiria, mwanangu: mtu anaosha sabuni kwa majivu.

Jumapili mbili baadaye akabatizwa mjomba wako mdogo, huyu wa Makambako. Tulikaa benchi la pili. Mbele yetu watoto wa jirani wamevaa mashati yanayong'aa, na benchi zima linanukia sabuni ya kalavati. Hata nyuma yetu inanukia. Sidhani kama kulikuwa na nyumba ambayo haikufika kule baada yetu. Mimi nilikuwa na gauni la majivu na vidole vimefungwa vitambaa, na nililia ibada nzima, watu wakadhani nimeguswa na ubatizo. Hilo linaniuma mpaka leo. Miaka yote hii imepita, lakini nikikaa karibu na mtu aliyetoka kufua, kitu kinanikaba hapa.

Alipomaliza mchungaji, baba alipokea mtoto. Akainama kumfunika, na pua yake ikagusa utosi. Akatulia hapo. Alitulia muda mrefu kuliko inavyohitajika kumfunika mtoto. Mama akawa anatazama kitabu cha nyimbo. Halafu baba akamkumbatia mtoto kifuani na hakumwachia mtu mwingine yeyote mpaka tulipofika nyumbani. Neno la sabuni halikutajwa kati yao, si siku ile wala nyingine, mpaka tulipowazika.

Ndiyo maana nakataa ulivyoandika kuhusu shida na adabu. Shida haimfundishi mtu, mtu ndiye humfundisha mtu. Shida tulikuwa nayo kijiji kizima, sawasawa, foleni moja. Kama ingekuwa mwalimu, tungefaulu wote. Nami sisemi hivyo kuwashutumu waliochukua. Walikuwa na watoto wenye upele kama sisi, na kama ningekuwa mama yao, sijui kama ningekuwa na moyo wa kulipita lile gunia.

Mjomba wako mkubwa haukubali mtazamo wangu. Unakumbuka kwenye arobaini ya babu tulivyobishana mpaka shangazi akatutenganisha? Ilikuwa ni hilo hilo. Yeye anasema baba hakurudisha kwa uaminifu, alirudisha kwa woga. Mgambo walikuwa wamempekua jirani yetu siku moja kabla. Anasema, kama ni uaminifu, mikono aliisugua ya nini? Mwaminifu hafuti harufu. Nami usiku huwa namjibu peke yangu: alikuwa na watoto watano, woga wake ulikuwa wa kutulinda, na woga wa aina hiyo nao ni wema. Kisha naona nimekwisha kubali kwamba ulikuwa woga. Nageuka tena: lakini mbona tarehe 12 Aprili 1984, redio ilipotangaza Sokoine amefariki, baba alikaa nje chini ya mlanzi akalia kwa sauti? Mtu anayekuogopesha humlilii hivyo. Aliiamini ile vita, na sisi alitutaka tuwe upande wake. Halafu namkumbuka ameinama juu ya mtoto, amenyamaza, na siwezi tena kusema aliamini nini.

Jibu ninalo, lipo mdomoni. Nataka sana kukuandikia kwamba babu yako alikuwa na haki na mama alikosea. Nimeliandika hapa mara moja nikalikata, utaona nilipokwaruza. Kwa sababu mtoto yule alibatizwa akiwa safi, na mimi nilifurahi, na bado nafurahi.

Kuhusu zamani na sasa: mwaka 1985 alikuja Mzee Mwinyi, na muda si mrefu sabuni zikajaa tena madukani, za kila rangi. Siku ya kwanza mama aliponunua mche kwa fedha yake, aliukata vipande akampa kila mtoto kimoja, akasema kila mtu alale nacho. Nililala nacho kwenye mto. Leo mjukuu wangu ana sabuni ya mikono, ya nywele, na ya mwili, na namshukuru Mungu kwa kila moja. Asije mtu akaniambia ni vizuri mtoto apasuke vidole ili awe mtu. Shida haimfundishi mtu. Lakini umenitajia kwamba alirudi na rula ya mwenzake kwenye begi na ukaona ni jambo dogo. Hapo ndipo ningependa kusikia ulimwambia nini, kuliko hata hilo swali la mwalimu.

Na Desemba ulipokuja ukamwaga lile kopo la vipande vya sabuni lililokuwa bafuni, nilinyamaza kwa kuwa ulikuwa umechoka na safari. Nilivirudisha vyote ulipolala. Naomba safari ijayo uviache.

Mwalimu mwandikieni koroboi, mbeta, foleni ya mawe, na ng'ombe wa njiani. Zinatosha ukurasa mmoja. Ya sabuni asiandike. Akifunga shule mwezi wa sita aje, nitampeleka kwenye kalavati mwenyewe. Mpakie sweta mbili, na viatu vya kufunika.

Mama yako
Mafinga