Tupa hicho kijitabu cha majibu kabla ya usaili wa uuguzi

Dada, umesema kwamba baada ya wiki mbili una usaili wa shahada ya uuguzi wa watu wazima hapa Uingereza, ukauliza uvae nini, mtihani wa hesabu ukoje na maswali gani huulizwa, kisha ukataja kama jambo dogo kwamba umekwisha kununua kijitabu cha majibu. Nilipofika hapo niliweka kikombe chini. Kitupe leo.

Mimi nilikinunua. Aliyeniuzia ni mtu wetu wa kundi la WhatsApp anayejiita mshauri wa vyuo, ambaye alinitoza pauni 60 na kuniapia kwamba hakuna aliyekisoma akakosa nafasi. Sikujiuliza kwa nini mwenye siri zote za uuguzi hakuwahi kuvaa sare ya uuguzi hata siku moja. Nilikikariri katika zamu za usiku kama mtoto wa madrasa anayeogopa bakora, hasa jibu la kwa nini nimechagua kazi hii: bibi mwenye kisukari, kidonda mguuni, na mjukuu aliyekisafisha kila jioni hadi akajua wito wake. Bibi yangu halisi, Mungu amrehemu, hakuugua kisukari maisha yake yote.

Siku ya usaili tuliketishwa waombaji sita mbele ya wahadhiri wawili na mama mmoja aliyewahi kulazwa, kwa kuwa vyuo vya huku huwashirikisha wagonjwa katika kuchagua wanafunzi. Mwombaji wa pili akaanza: bibi, kisukari, kidonda, kila jioni, neno kwa neno. Mimi nilikuwa wa nne. Nilipata dakika chache za kumtafuta bibi mwingine, lakini kichwani hapakuwa na kitu isipokuwa ukurasa ule, na nilipofungua kinywa akatoka bibi yule yule na mguu wake. Mhadhiri mmoja aliacha kuandika. Yule mama akaniuliza kwa upole kidonda kilikuwa mguu gani, nikajibu wa kushoto, ilhali mwenzangu alikuwa amesema wa kulia. Maskini bibi yetu, kati ya wajukuu wawili alipata vidonda viwili.

Nilikataliwa, nikarudi kwenye zamu za usiku mwaka mzima. Nilipompigia mshauri kumweleza, alisema kosa langu ni kukariri bila hisia, kisha akanitoa kwenye kundi. Bila hisia! Pauni zangu 60 alizipokea kwa hisia kubwa sana.

Kilichonichoma zaidi ni kwamba kisa cha kweli nilikuwa nacho. Katika makao ya wazee nilikofanya kazi, mzee mmoja mwenye ugonjwa wa kusahau alirudisha chakula mara mbili, nami nikaandika kwenye daftari kwamba amekataa, nikapita. Mwenzangu ndiye aliyeuliza meno yake ya bandia yako wapi, tukayakuta mfukoni mwa joho lake. Nilimweleza muuguzi wa zamu kwamba nimeandika vibaya, na tangu siku hiyo huwa natazama kinywa kabla ya kuandika neno "amekataa". Mwaka uliofuata nilisimulia hayo tu, bila kumtaja mzee kwa jina, wakanihoji juu yake kwa muda mrefu, na nafasi nikapewa.

Tangu ripoti ya uchunguzi ya mwanasheria Robert Francis ya mwaka 2013 ilipoeleza jinsi wagonjwa walivyotelekezwa katika hospitali ya Stafford, wasaili wa huku wanatafuta mtu atakayesema pale jambo linapoharibika, hata kama aliyeliharibu ni yeye mwenyewe. Kijitabu kitakukaririsha zile C sita za mwaka 2012, yaani maadili sita ya uuguzi ambayo kwa Kiingereza huanza na herufi C: utunzaji, huruma, umahiri, mawasiliano, ujasiri na kujitolea, lakini wasaili wanazijua kuliko wewe. Wapelekee kisa kimoja ulichokitenda kwa mikono yako, chenye kosa lako ndani yake na ulichobadilisha baadaye. Usikikariri, kijue tu, ili wakikuuliza ni mguu gani usibabaike.

Umetaja kwamba una miaka miwili ya kuwahudumia wazee, basi anzia hapo, ukiandike usiku huu na ukiweke hapa nikuhoji mpaka uchoke. Na huyo muuzaji akikuambia kwamba ana toleo jipya, muulize safari hii bibi anaumwa nini.