Unganisha "na" au "kwenye"? Na hiyo "ipe" inamhusu nani?

SWALI: Naandika mwongozo wa kutengeneza daraja la mtandao (programu inayounganisha kadi za mtandao) kwenye Linux. Nimeandika: "Unganisha eth0 na br0, kisha ipe anwani ya IP." (eth0 ni kadi ya mtandao, br0 ni daraja.) Mwenzangu anasisitiza iwe "unganisha eth0 kwenye br0". Je, kuna tofauti, au ni mazoea tu?

JIBU: Tofauti ipo, na mwenzako yuko sahihi. Ila kosa kubwa zaidi limo mahali ambapo hakuna kati yenu aliyepagusa.

Tukisema "unganisha hiki na kile", tunavichukulia vitu hivyo kuwa wenza. Hakuna kinachokuwa sehemu ya kingine. Ndiyo maana "daraja huunganisha eth0 na eth1" (kadi mbili) ni sentensi safi kabisa. Lakini eth0 na br0 si wenza. Kadi ikishaingizwa kwenye daraja inageuka kuwa mlango mmojawapo wa daraja hilo, na fremu (vifurushi vya data) zinazoingia kupitia kadi hukabidhiwa daraja kabla hazijafika kwenye tabaka la IP, yaani sehemu ya mfumo inayoshughulikia anwani za IP. Huo ni uhusiano wa sehemu na kitu kizima, nao unataka "kwenye". Mimi ningeandika "ingiza eth0 kwenye br0" na kuachana kabisa na "unganisha".

Ukipenda kulitaja daraja kama chombo, tumia "kwa": "unganisha eth0 na eth1 kwa br0".

Sasa tuje kwenye "ipe". Kadi iko katika ngeli ya I-ZI, daraja katika LI-YA. Kwa hiyo "ipe anwani" inamwambia msomaji aipe kadi, na msomaji mtiifu ataipa kadi kweli. Matokeo yake mawasiliano ya IP ya mashine hiyo yatavurugika, kwa kuwa anwani inapaswa kukaa kwenye daraja, si kwenye kadi iliyokwisha kuwa mlango. Anayefanya kazi hiyo kwa mbali, kupitia kadi hiyohiyo, atajikuta amejifungia nje. Kiambishi kimoja tu!

Najua utajitetea kwamba ulikuwa unamaanisha br0. Hapo ndipo penye mtego: majina kama eth0 na br0 hayana ngeli yake yenyewe. Huazima ngeli ya nomino iliyo kichwani mwa msemaji, na ikikosekana tunayatupa kwenye I-ZI, kama tufanyavyo kwa maneno mengi ya mkopo. Basi "ipe" ikaweza kuhusu eth0 au br0. Usiyaache majina hayo uchi. Andika "kadi eth0" na "daraja br0", viambishi vitajipanga vyenyewe. "Lipe" ni sahihi kisarufi, ingawa kwa jicho la haraka inanukia deni. "Liwekee" ni nzuri zaidi.

Jambo dogo la mwisho: umeniuliza kuhusu maagizo, lakini ukifika kwenye maelezo ya jinsi daraja lifanyavyo kazi, tumia "hu-" badala ya "-na-". Kwa mfano (anwani ya MAC ni namba ya utambulisho ya kadi ya mtandao): "Daraja hujifunza anwani za MAC kwa kutazama chanzo cha kila fremu; lisipoijua anwani ya mpelekewa, huitoa fremu kwenye milango yote isipokuwa ule ilikoingilia." Hiyo ni tabia ya daraja, si tukio la sasa hivi.

Sentensi yako basi iwe: "Ingiza kadi eth0 kwenye daraja br0, iondolee kadi anwani yake ya IP, kisha liwekee daraja anwani hiyo."