Maswali ya Wasomaji: Bahasha Nene na Sanduku la Sentimita 90

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaishi Leicester, Uingereza, nami ni katibu wa kamati ya harusi ya binti wa dada yangu. Tumechapisha kadi za mwaliko za mraba, sentimita 17 kila upande, zenye kifundo cha utepe mbele, na nyingi zitakwenda kwa wageni wa huku huku. Vilevile nataka kumpelekea mama, aliyeko Tanga, sanduku la nguo na picha ya ukutani iliyoviringishwa ndani ya bomba la karatasi ngumu. Posta ina mipaka gani ya ukubwa?
Msomaji, Leicester

JIBU: Ndugu msomaji, hongereni kwa shughuli. Wengi wetu huiweka bahasha kwenye mizani tukasahau rula, ilhali tangu Agosti 2006 Royal Mail, yaani posta ya huko Uingereza, hutoza kwa kuangalia ukubwa pamoja na uzito. Barua ya kawaida haipaswi kuzidi urefu wa sentimita 24, upana wa sentimita 16.5, unene wa milimita 5 na uzito wa gramu 100. Kadi yenu imezidi upana kwa nusu sentimita, kabla hata hatujaipima bahasha yenyewe, kwa hiyo kukiondoa kifundo hakutasaidia kitu. Hiyo ni barua kubwa, ambayo mipaka yake ni sentimita 35.3 kwa 25, unene wa sentimita 2.5 na gramu 750, nayo ina stempu yake ya bei ya juu zaidi. Mkibandika stempu ya barua ya kawaida, anayepokea ndiye atakayedaiwa kiasi kilichopungua pamoja na ada juu yake, na mgeni kulipia mwaliko wake mwenyewe ni aibu ambayo pilau haiifuti. Unene hupimwa mahali palipotuna zaidi, basi ipelekeni kadi moja kaunta, ikiwa tayari ndani ya bahasha, kabla ya kununua stempu za zote.

Kwa mzigo wa Tanga, kanuni inayofuatwa ni ya Umoja wa Posta Duniani, ulioanzishwa Bern mwaka 1874. Kifurushi kidogo kinachosafiri katika daraja la barua hakizidi kilo 2. Urefu, upana na kimo vikijumlishwa visipite sentimita 90, na upande mrefu kuliko yote usipite sentimita 60. Jumla hiyo ndiyo inayowanasa watu. Sanduku la sentimita 40 kwa 30 kwa 25 huonekana dogo machoni, lakini jumla yake ni 95, basi halipokelewi katika daraja hilo. Likipunguzwa kimo hadi 20, linapita barabara. Nguo zikizidi kilo 2, ulizia huduma ya vifurushi vizito, yenye bei na vipimo vyake.

Bomba lina hesabu ya peke yake: urefu, ukijumlisha na kipenyo mara mbili, usizidi sentimita 104, na urefu wenyewe usizidi 90. Bomba la sentimita 90 lenye kipenyo cha 7 linafika mpakani kabisa, ila lenye kipenyo cha 8 limeshavuka. Nguo na picha ni bidhaa, kwa hiyo fomu ya forodha ni lazima, na usisahau kuandika namba ya S.L.P. ya mama, kwa kuwa jina la mtaa peke yake huenda lisitoshe.

SWALI: Je, bahasha inaweza kukataliwa kwa udogo?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Naam. Kwa barua za nje ya nchi, uso wa bahasha usiwe chini ya sentimita 14 kwa 9. Zile bahasha ndogo za zawadi zinazouzwa madukani ziingize ndani ya bahasha ya kawaida, kisha uandike anwani juu ya hiyo kubwa.